Lumeni elfu kumi na punda aliyekupa mgongo

Jua la Dodoma haliagi. Unafunga mzigo kwenye keria, unamalizia kuongea na mtu aliyekusimamisha njiani, ukigeuka limeshazama. Sisi tulio jirani na ikweta hatuna magharibi ndefu: jua likishaingia chini, ndani ya dakika ishirini na kitu ni usiku. Mimi naishi nje ya mji, upande wa Nala, na kazi yangu iko mjini. Taa za barabarani zinaniacha njiani. Baada ya hapo ni mimi, malori ya barabara ya Singida, kisha kona ya kuingia barabara ya vumbi, na korongo moja la mchanga kabla ya nyumbani.

Mwaka juzi nilinunua taa ya kufunga kwenye usukani. Boksi lilisema lumeni 10,000, betri inakaa saa 8, haiingii maji. Shilingi 25,000. Usiku wa kwanza niliiwasha nikajiona nimepata gari. Mbuyu ulioko karibu na korongo uliwaka mpaka kwenye matawi ya juu. Kuta za nyumba ya mbali zikawa nyeupe. Punda aliyesimama katikati ya njia, amenipa mgongo, nilimwona amebaki mita tano hivi. Nilikwepa nikaingia mchangani, gurudumu la mbele likazama, nikatua kwa kiwiko. Yeye hata sikio hakugeuza.

Mwanga wote ule, na kitu kimoja nilichotakiwa kukiona sikukiona. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza namba za kwenye boksi zina maana gani, na nikagundua kwamba ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ndiyo inayokusaidia kidogo kuliko zote.

Chukua mfano wa bustani ya zabibu. Lumeni ni maji yote yanayotoka kwenye bomba kwa wakati mmoja, bila kujali yanaenda wapi. Yakimwagika njiani, yamehesabiwa. Yakirukia bustani ya jirani, yamehesabiwa. Kandela ni nguvu ya maji kuelekea upande mmoja, kama unapobana mdomo wa mpira kwa kidole gumba yakaruka mbali. Luksi ni maji yanayofika kwenye shina lenyewe la mzabibu. Mwendesha baiskeli usiku ni yule mzabibu. Haishi kwa maji yaliyotoka bombani, anaishi kwa yaliyomfikia, na kwake yeye "shina" ni kipande cha barabara kilicho mbele yake kwa mita ishirini, thelathini, arobaini.

Taa yangu ya lumeni elfu kumi (tutarudi kwenye huo uongo) ilikuwa na kioo cha duara kinachotawanya mwanga kila upande kwa usawa, kama tochi ya kutafutia kuku bandani. Nusu ya mwanga ilikwenda juu, kwa mbuyu. Sehemu kubwa ya nusu iliyobaki iliangukia mita tatu mbele ya gurudumu, ikatengeneza dimbwi jeupe la kung'aa. Dimbwi hilo ni baya kuliko unavyodhani. Jicho hujirekebisha kufuata kitu king'aavu zaidi kilicho mbele yake, kwa hiyo likishazoea weupe wa karibu, giza la mbele linazidi kuwa giza. Unaweza kuongeza mwanga ukaona kidogo zaidi ya mwanzo.

Umbali nao una sheria yake ngumu. Ukienda mbali mara mbili, mwanga unaokufikia haupungui nusu, unabaki robo. Ukienda mara nne, inabaki sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana taa inayong'arisha ukuta wa duka pale unapoinunua, mita mbili kutoka mkononi mwa muuzaji, haikuambii lolote kuhusu punda aliye mita thelathini. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kandela ugawe kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, unapata luksi. Taa ya kandela 8,000 kwa mita 40 inakupa luksi 5. Kwa mita 20 inakupa 20.

Sasa unahitaji kuona mbali kiasi gani? Hapa kasi ndiyo inayoamua. Ukienda kilomita 20 kwa saa unakata mita 5 na nusu kila sekunde. Tangu jicho lione kitu gizani mpaka vidole vibane breki, weka sekunde mbili. Hizo ni mita 11. Kisha baiskeli isimame juu ya changarawe, ambako ukibana kwa nguvu gurudumu linateleza: ongeza mita saba au nane. Jumla karibu 20. Kwenye mteremko ukifika kilomita 30 kwa saa jumla inakaribia mita 35, na kama baiskeli yako ni ile ya kizamani yenye breki za vyuma, jiongezee mwenyewe. Kwa hiyo anayetembea taratibu na mkaa au madebe ya maji anahitaji luksi chache kwa mita 25. Anayekimbia lami anahitaji kama luksi 5 kwa mita 40. Kwa kulinganisha, mbalamwezi ya mwezi mpevu kwenye anga safi la kiangazi ni kama robo ya luksi tu, na bado watu wanatembea kwayo bila tochi.

Hiyo robo ya luksi ina historia kwenye maboksi. Tochi nyingi zinapimwa kwa kipimo cha Kimarekani kiitwacho ANSI FL1, na umbali unaoandikwa, tuseme mita 200, ni pale mwanga unapobaki robo ya luksi, yaani mbalamwezi. Si uongo, ila si umbali wa kuendeshea. Ugawe kwa nne. Kwa mita 50 taa hiyohiyo inatoa luksi 4, na hapo mtu anaweza kuendesha. Kipimo hichohicho kinahesabu saa za betri mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ulivyoanza. Kwa hiyo "saa 6" inaweza kuwa saa moja ya mwanga wa kweli na saa tano za kijinga cha moto.

Wajerumani wanapima kwa namna nyingine, na kwa barabara zetu mimi naipenda zaidi. Sheria yao, StVZO, inataka taa ya mbele ya baiskeli itoe angalau luksi 10 kwa umbali wa mita 10, na mwanga ukatwe juu kwa mstari, kama taa ya gari iliyoshushwa, ili usimpige machoni anayekuja. Taa zilizopita mtihani huo zina herufi K yenye alama ya mawimbi na namba imegongwa kwenye mwili. Watengenezaji kama Busch & Müller huandika luksi kwenye boksi kabla ya lumeni. Ukiona luksi 80, ujue ni kwa mita 10, ambayo ni zile kandela 8,000 tulizopigia hesabu. Mwanga wa namna hii haupandi mbuyu. Unalala barabarani kama mkeka: hafifu karibu na gurudumu, mkali kule mbali, ili jicho lione njia yote kwa usawa. Kwa umbo hilo lumeni 300 mpaka 500 zinatosha barabara ya kijijini. Kwa taa ya duara utahitaji 800 au 1,000 kupata kazi ileile, na bado utakuwa unaudhi watu.

Lakini mwanga uliokatwa una dosari, na wauzaji wake hawaisemi. Haukuonyeshi tawi la mgunga lililoinama usawa wa uso. Kwenye lami hilo si tatizo. Kwenye njia za miguu zinazopita katikati ya vichaka vya miiba, ni tatizo la damu. Anayepita huko kila siku aongeze tochi ndogo ya kichwani, aiwashe kwa kiasi cha chini. Asiitegemee peke yake, kwa sababu tochi ya kichwani inakaa jirani na macho, na mwanga unaotoka mahali jicho lilipo hauonyeshi vivuli. Shimo bila kivuli linaonekana kama uwanja. Taa ya usukani iko chini ya macho kwa zaidi ya nusu mita, na tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya kila shimo liwe na mstari mweusi na kila jiwe liwe na mkia. Mimi siku hizi nasoma barabara kwa mikia hiyo zaidi ya kwa mawe yenyewe.

Vumbi nalo linafuata kanuni hiyohiyo. Lori likipita kwenye barabara isiyo na lami, kuanzia Juni mpaka mvua zinaposhuka, linaacha wingu ambalo mwanga wako unaligonga na kurudi machoni mwako. Taa iliyo juu karibu na macho inarudisha zaidi. Iliyo chini inarudisha kidogo. Hapo kuongeza mwanga ni kujifungia ukuta. Punguza taa, punguza mwendo, subiri. Wengine watakuambia mwanga wa njano unapenya vumbi. Chembe za vumbi ni kubwa mno kuchagua rangi. Faida ya mwanga usio mweupe wa bluu iko kwingine: udongo wetu ni mwekundu, na udongo mwekundu humeza bluu na kurudisha wekundu na njano. Mwanga wenye namba ya rangi (kelvini) 4,000 hadi 5,000 hivi unakuonyesha tofauti ya mchanga laini na udongo mgumu vizuri kuliko ule wa 6,500 unaofanya kila kitu kiwe majivu.

Turudi kwenye lumeni elfu kumi. Baada ya wiki tatu taa ilianza kufa ndani ya nusu saa. Nikampelekea fundi wa simu, kijana mwenye subira. Akafungua, akatoa betri ya silinda iliyovikwa plastiki nyekundu, imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Akaipima kwa kuirusharusha kiganjani, akacheka, akavuka nayo barabara hadi kwa muuza viungo mwenye mizani ndogo ya kupimia iliki. Gramu 28. Akarudi na ya kompyuta mpakato ya zamani, umbo lilelile, ukubwa uleule: gramu 46. "Kaka," akasema, "hapa umeuziwa kopo."

Betri hizi zinaitwa 18650 kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nyingi zilizo nzuri zinafika kama 3,500 mAh. Inayojitangaza 9,900 haijawahi kutengenezwa na mtu, na uzito ndio shahidi wa haraka: nzima huwa kati ya gramu 44 na 49. Ukishajua hilo unaweza kulihukumu boksi lolote dukani bila kufungua chochote. Betri moja nzima inabeba kama wati-saa 12 na nusu. Taa nzuri ya LED, pamoja na upotevu wote, inatoa kwa makadirio lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 1,000 zinakula wati 10, kwa hiyo betri moja itakaa saa moja na robo. Lumeni 400, saa tatu. Lumeni 10,000 zingekula wati 100, ambazo zinakaribia taa zote mbili za mbele za gari zenye balbu za wati 55. Kwa saa 8 zilizoahidiwa, ningehitaji betri zaidi ya sitini, karibu kilo tatu za betri peke yake. Nilikuwa na moja, tena kopo.

Na hata mwanga wa kweli ukiongezeka mara mbili, jicho halioni mara mbili. Ili kitu kionekane na mwanga maradufu unahitaji mara nne au zaidi. Pesa ya kutoka lumeni 800 kwenda 1,200 ni bora uinunulie betri ya akiba.

Joto lina mchango wake. LED zikichemka, taa yenye akili inapunguza mwanga yenyewe ili isiungue. Isiyo na akili inaungua. Upepo wa mwendo ndio unaoipoza, kwa hiyo mlimani ukisukuma polepole, taa iliyokuwa inamwaga mwanga kwenye tambarare inaweza kushuka ghafla. Si ubovu. Ubovu ni kuiacha juani kwenye dashibodi ya gari mchana wa Novemba.

Kuhusu kuchaji, uamuzi unategemea umeme wako. Kama nyumbani kuna sola ndogo inayochaji simu mbili, taa ya tundu la USB inakutosha, ila chagua inayofunguka na kutoa betri. Betri za lithiamu zinaanza kuchoka baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji. Kwa anayechaji kila siku hiyo ni chini ya miaka miwili. Taa iliyozibwa moja kwa moja itakufa na betri yake. Inayofunguka utaipa betri nyingine na kuendelea, mradi uipeleke kwanza kwenye mizani ya iliki. Angalia pia kwamba ina kiwango cha chini kabisa, lumeni 50 hivi, cha kukufikisha nyumbani betri ikichoka. Taa nyingine zinashikilia mwanga uleule mpaka mwisho halafu zinazima pwaa, katikati ya korongo, bila hata kupepesa.

Baadhi yenu mtauliza kuhusu dainamo. Mimi naiheshimu. Ile chupa inayosuguana na tairi, volti 6 na wati 3, imewafikisha wazee wetu nyumbani kwa baiskeli za Phoenix kwa miaka mingi, na wati 2.4 za mbele zikipewa taa ya kisasa ya LED zinatoa mwanga ambao balbu ya zamani haikuuota. Usichomeke LED ya kawaida mahali pa balbu ukategemea iwake vizuri. Umeme wa dainamo unageukageuka, na taa itapepesa kama haina kifaa cha kuunyoosha ndani. Nunua taa iliyotengenezwa kwa dainamo. Shida yake kubwa huku ni mchanga: ukisukuma baiskeli taratibu korongoni, mwanga unafifia pale hasa unapouhitaji, isipokuwa taa iwe na hifadhi ndogo ya umeme ya kuiwezesha kuwaka ukisimama.

Namba ya kuzuia maji nayo inasomwa vibaya. IPX4 ina maana imerushiwa maji ikavumilia. Hiyo X haimaanishi ziada. Ina maana upande wa vumbi haukupimwa. Mahali ambapo mvua ya maana inanyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili na vumbi linatimka miezi iliyobaki, tarakimu ya kwanza ndiyo yetu. IP65: 6 ni vumbi haliingii kabisa, 5 ni maji ya kurushwa kwa mpira hayaingii. Na kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia ndicho kinachokufa kwanza. Kikilegea, funga kwa kipande cha tyubu.

Tyubu ndiyo itakayokusaidia kwenye usukani pia. Barabara iliyojikunja kama bati inalegeza skrubu zote, na taa inayoinama taratibu unaigundua pale mwanga unapokuwa miguuni. Zungusha kipande cha tyubu kwenye chuma kabla ya kufunga kishikio, kikaze, halafu uelekeze taa hivi: simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, chora mstari wa chaki ukutani usawa wa urefu wa taa, kisha inamisha mpaka ukingo wa juu wa mwanga ushuke sentimita 10 chini ya mstari. Kama taa iko mita moja kutoka ardhini, mwanga huo utagusa barabara mita 50 mbele. Ukishusha sentimita 20, utagusa mita 25, na hiyo ndiyo ninayotumia kwenye vumbi. Fanya kazi hiyo ukiwa umekaa juu na mzigo ukiwa kwenye keria, maana gunia la nyuma linanyanyua pua ya baiskeli.

Kwa taa ya duara hakuna ukingo wa kushusha, kwa hiyo inamisha kitovu chake kiguse mita 15 hadi 20 mbele, na unapokutana na mtu anayetembea, funika juu ya kioo kwa kiganja. Kummulika mtu usoni ni utovu wa adabu mchana na usiku, na usiku kuna gharama: jicho linachukua karibu nusu saa kuzoea giza, na sekunde moja ya mwanga mkali inafuta sehemu kubwa ya kazi hiyo. Dereva wa basi uliyemmulika atakujibu kwa taa zake ndefu, na zake ni kubwa. Likikujia basi namna hiyo, acha kulitazama. Shika ukingo wa kushoto wa lami kwa macho, punguza mwendo. Taa ya mbele ya kupepesa iache mjini. Gizani inamfanya anayekuja ashindwe kukadiria uko umbali gani. Nyuma weka nyekundu isiyozimika na rifleta juu, maana rifleta haihitaji kuchajiwa.

Niliyo nayo sasa ina luksi 70 na betri mbili. Wiki iliyopita nilikuta punda wawili kwenye korongo lilelile. Mmoja alikuwa ananitazama, macho yake yakaniwakia kijani tangu mbali, kama ya mbuzi na mbwa na fisi yanavyowaka. Wa pili alikuwa amenipa mgongo, rangi ya vumbi, hana jicho la kuwaka. Huyo nilimwona kwa kivuli chake, mkia mrefu mweusi uliolala mchangani nyuma yake, mita thelathini na kitu mbele yangu. Nikashuka, nikasukuma.